Minada ya magari ya kale: inavyofanya kazi, na hesabu za mfanyabiashara wa Bujumbura

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Kwenye forodha za Afrika Mashariki, gari likizeeka huwa mzigo. Kenya, kwa kiwango chake cha KS 1515 cha mwaka 2000, hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia magari yenye zaidi ya miaka 15. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani, na kiwango hupanda kadiri umri unavyopanda.

Lakini lipo soko moja ambako umri ndio unaopandisha bei. Ni soko la minada ya magari ya kale, yaani magari yanayonunuliwa na wakusanyaji kwa ajili ya historia yake na si kwa ajili ya kubebea abiria au mizigo. Minada mikubwa ya aina hii hufanyika Ulaya na Marekani, mara nyingi katika siku za tamasha la magari.

Bujumbura haina mnada wa namna hiyo. Mnada unaofahamika hapa ni ule wa forodha au wa benki. Hata hivyo, soko hilo linawahusu wafanyabiashara na wasafirishaji wa ukanda huu, kwa sababu aina kadhaa za magari yanayotafutwa huko zilitembea kwenye barabara zetu, na mengine bado yamelala nyuma ya nyumba na gereji yakingoja kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Makala hii inaeleza soko hilo linavyofanya kazi, gharama zake, na mahali ambapo mtu wa Bujumbura anaweza kupata au kupoteza.

Tofauti na mnada wa forodha

Mnada wa forodha una kazi moja: kurudisha kodi na gharama. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, bidhaa iliyowekwa kwenye ghala la forodha bila kuondolewa kihalali kwa siku 30 hutangazwa. Ikipita siku nyingine 30 tangu tangazo, inahesabiwa kuwa imetelekezwa na inaweza kuuzwa. Fedha zinazopatikana hulipa kwanza ushuru, kisha gharama za mauzo, ghala, bandari na usafirishaji. Mwenye mali hupata kinachobaki, kama kipo na kama amekiomba kwa wakati.

Mnada wa magari ya kale ni tofauti. Hapa kampuni ya mnada humfanyia kazi muuzaji kwa kamisheni. Miezi kadhaa kabla ya siku ya mnada, wataalamu wake hukagua gari, huchunguza karatasi zake, huandika maelezo na picha kwenye katalogi, na hutoa makadirio ya bei ya chini na ya juu. Muuzaji anaweza kuweka kiwango cha siri ambacho gari haliuzwi chini yake. Anaweza pia kuamua kuuza bila kiwango, na gari likaenda kwa yeyote atakayefika bei.

Tamasha linasaidia kwa sababu linakusanya wanunuzi mahali pamoja. Uingereza kuna Goodwood Festival of Speed, iliyoanza mwaka 1993. Paris kuna maonyesho ya Rétromobile, yaliyoanza mwaka 1976. Katika mnada wa Bonhams kwenye tamasha la Goodwood la Julai 2013, gari la mashindano aina ya Mercedes-Benz W196R, lililoendeshwa na Juan Manuel Fangio mwaka 1954, liliuzwa kwa pauni milioni 19.6. Rekodi ya sasa ya gari lolote kwenye mnada ilipatikana Stuttgart Mei 2022, pale Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955, moja kati ya mbili tu zilizotengenezwa, ilipouzwa kwa euro milioni 135.

Bei hizo hazimhusu mtu wa kawaida, lakini utaratibu ni uleule kwa gari la euro 8,000.

Mfano wa msafirishaji wa Ufaransa

Mfano unaowafaa wasomaji wetu ni wa Roger Baillon, mfanyabiashara wa malori wa magharibi mwa Ufaransa. Kuanzia miaka ya 1950 alinunua magari ya kifahari yaliyokuwa yamepitwa na wakati, mengine yakiwa mabovu, akiwa na nia ya kuyatengeneza na kufungua makumbusho. Katika miaka ya 1970 biashara yake ya usafirishaji iliyumba. Sehemu ya mkusanyiko iliuzwa, na magari yaliyobaki yakaachwa chini ya mabanda ya mabati, yakila kutu kwa miongo kadhaa.

Mwaka 2014 warithi waliwaita wataalamu wa kampuni ya mnada ya Artcurial. Tarehe 6 Februari 2015, magari 59 yalipigwa mnada kwenye maonyesho ya Rétromobile mjini Paris. Jumla ilifikia takriban euro milioni 25. Gari moja peke yake, Ferrari 250 GT California ambayo iliwahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon na ambayo ilikutwa imefunikwa na marundo ya magazeti, lilipata zaidi ya euro milioni 16.

Somo hapa halisemi kwamba kila gari bovu ni mali. Kati ya magari yale 59, moja lilileta karibu theluthi mbili ya fedha zote. Mengine yalikuwa mabati na fremu zilizooza. Kilicholitofautisha lile moja ni mambo matatu: yalitengenezwa machache ya aina yake, lilikuwa bado kamili, na historia yake ilithibitika. Mambo hayo matatu ndiyo hupanga bei katika mnada wowote wa aina hii.

Afrika Mashariki kwenye katalogi

Ukanda wetu una jina katika soko hili kwa sababu ya mbio za Safari. Zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mshindi wa mwaka huo aliendesha Volkswagen ya mgongo wa kobe. Mercedes-Benz ilishinda mwaka 1959, 1960 na 1961. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Joginder Singh wa Kenya alishinda na Volvo mwaka 1965, kisha na Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda na Datsun 240Z mwaka 1973, halafu mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Watengenezaji walitumia ushindi huo kutangaza kwamba magari yao hayafi. Leo mkusanyaji wa Ulaya au Japani analipa zaidi kwa gari lenye uhusiano uliothibitishwa na Safari, na hata gari la kawaida la aina hiyohiyo linanufaika na jina hilo. Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya East African Safari Classic, ambayo huleta magari ya kale kutoka nje kupitia bandari ya Mombasa. Nairobi, kwa upande wake, ina maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, ambako magari na pikipiki hushindanishwa kwa usafi na ukamilifu. Hayo si mnada, lakini ni mahali ambapo mwenye gari hukutana na wanaolijua gari lake.

Kwa Burundi, magari ya kuangaliwa ni yaleyale yaliyofanya kazi: Land Rover za awali, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1948, Peugeot 404, Volkswagen, Mercedes za miaka ya 1960 na 1970, na Toyota Land Cruiser za mwanzo. Mafundi wa Buyenzi wanazijua hadi msumari wa mwisho. Ustadi huo wa kuzifanya zitembee umeziokoa, lakini pia umezipunguzia thamani. Land Rover iliyowekewa injini ya Toyota ni suluhisho zuri kwa barabara ya Rumonge. Kwa mkusanyaji, ni gari lililopoteza nusu ya nafsi yake.

Karatasi ndizo zinazouzwa

Mtu anayetaka kujua kama gari lake lina thamani kwenye mnada aanze na mambo haya kabla ya kupaka rangi au kufungua boneti.

Kwanza, namba ya chasisi. Iwepo mahali pake, isomeke, isiwe imepigwa upya, na ilingane na kadi ya usajili, ambayo hapa huitwa carte rose. Namba iliyochezewa huua mauzo na inaweza kumfikisha mwenye gari polisi.

Pili, injini. Wanunuzi hutafuta injini iliyotoka kiwandani na gari hilohilo. Kama iling'olewa na bado ipo gereji, isiuzwe kama chuma. Isafirishwe pamoja na gari.

Tatu, ushahidi wa kiwanda. British Motor Museum ya Uingereza hutoa vyeti vinavyoonyesha tarehe ya kutengenezwa na nchi gari lilikopelekwa mwanzo, kwa Land Rover nyingi na magari mengine ya Kiingereza. L'Aventure Peugeot ya Ufaransa hutunza kumbukumbu za Peugeot. Cheti kinachosema gari lilitoka kiwandani likielekea Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, ni sehemu ya bei.

Nne, historia ya umiliki: picha za zamani, risiti za gereji, bima za miaka ya nyuma, barua. Familia nyingi nchini zilipoteza karatasi katika machafuko ya 1972 na katika vita vilivyoanza 1993. Hali hiyo inaeleweka, lakini mnunuzi hailipii. Mwenye gari atafute nakala kwa mamlaka husika mapema, na kama gari ni la urithi, warithi wote wakubaliane kwa maandishi. Kampuni ya mnada haipokei gari lenye ugomvi wa umiliki.

Wakati wa kufanya hayo, gari lisisafishwe kupita kiasi. Rangi ya kwanza iliyofifia ina thamani kuliko rangi mpya ya gereji.

Hesabu ya kuuza nje

Umoja wa Ulaya una kanuni inayofaa kujulikana. Gari lenye umri wa angalau miaka 30, lililo katika hali yake ya asili na la aina ambayo haitengenezwi tena, linaweza kuingia chini ya kifungu cha 9705 cha ushuru, yaani kama kitu cha mkusanyaji. Hapo ushuru wa forodha ni sifuri badala ya asilimia 10 ya gari la kawaida, na kodi ya ongezeko la thamani hupungua. Ufaransa ni asilimia 5.5. Gari lililobadilishwa injini au bodi linaweza kukataliwa chini ya kifungu hicho. Marekani nayo hulegeza masharti ya usalama kwa gari lililotimiza miaka 25.

Sasa tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme gari linasafirishwa kutoka Bujumbura hadi Ulaya kwa euro 4,000, ikiwa ni pamoja na barabara, bandari, meli na bima. Karatasi, ukaguzi na matengenezo madogo ni euro 1,500. Kampuni ya mnada inamkata muuzaji kamisheni ya asilimia 10.

Nyundo ikigonga kwa euro 8,000, kamisheni ni 800 na gharama nyingine ni 5,500. Mwenye gari anabaki na 1,700. Nyundo ikigonga kwa euro 5,000, kamisheni ni 500, na baada ya kutoa 5,500 mwenye gari amepata hasara ya 1,000. Na kama aliweka kiwango cha chini na gari halikuuzwa, gari liko Ulaya, linalipiwa ghala, na mwenye nalo yuko Bujumbura.

Ndiyo maana magari mengi ya kale hayafai kupelekwa huko. Yanayofaa ni machache: yale ambayo mtaalamu, baada ya kuona picha na karatasi, ameyakadiria bei ya chini inayozidi gharama zote. Kampuni nyingi kubwa hutoa makadirio ya awali kwa picha. Hakuna haja ya kusafirisha kwanza na kuuliza baadaye.

Hesabu ya kununua na kuingiza

Wapo pia wanaotaka kununua, hasa Warundi walio nje wanaofuata minada kwa intaneti. Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba bei ya nyundo siyo bei ya kulipa. Mnunuzi naye hulipa kamisheni, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 16, na kodi juu ya kamisheni hiyo. Gari huuzwa jinsi lilivyo, na kasoro iliyoonekana baadaye ni ya mnunuzi. Malipo hudaiwa ndani ya siku chache, kisha ghala huanza kuhesabu.

Forodha ya Burundi, chini ya OBR, hutumia sheria ya Jumuiya. Thamani ya kutozwa ushuru ni bei iliyolipwa pamoja na usafiri na bima hadi kuingia. Kamisheni ya mnunuzi kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya bei. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa magari ya abiria umekuwa asilimia 25, na kodi ya ongezeko la thamani nchini ni asilimia 18.

Tuchukue tena mfano. Nyundo euro 10,000, kamisheni 1,500, meli na bima 2,500. Thamani ni 14,000. Ushuru wa asilimia 25 ni 3,500, na jumla inafika 17,500. Asilimia 18 ya hiyo ni 3,150. Gari la 10,000 limefika 20,650 kabla ya ushuru wa bidhaa, tozo nyingine, na lori la kutoka Dar es Salaam. Wakala wa forodha aulizwe viwango vya mwaka husika kabla ya kuinua mkono, kwa sababu bajeti ya kila Juni hubadilisha mambo, na nchi wanachama huomba viwango vyao vya muda.

Ankara ya kampuni ya mnada itunzwe kamili. Ofisa wa forodha akitilia shaka thamani, ankara hiyo pamoja na ukurasa wa katalogi ni ushahidi mzuri kuliko maelezo ya mdomo.

Kwa wasafirishaji

Gari la kale si mzigo wa kawaida. Mara nyingi halina breki za kuaminika, haliwaki, au matairi yamekufa. Lipandishwe kwa winchi, lifungwe kwenye magurudumu au ekseli na si kwenye bamba, betri itenganishwe na mafuta yapunguzwe. Lipigwe picha kila upande, pamoja na namba ya chasisi, mbele ya mwenye mali, kabla ya kuondoka na baada ya kufika.

Hatari kubwa iko kwenye bima. Wajibu wa kawaida wa msafirishaji mara nyingi hupimwa kwa uzito wa mzigo, na bima ya gari chakavu hulipa bei ya chakavu. Gari la kale lina uzito uleule wa gari lolote lakini thamani nyingine kabisa. Mwenye mali na msafirishaji waandike thamani iliyokubaliwa kabla ya safari, na bima ikatwe kwa thamani hiyo. Bila hivyo, mkwaruzo mmoja Kobero unaweza kuzaa kesi.

Kwa njia, mizigo mingi hupita Dar es Salaam hadi mpaka wa Kabanga na Kobero, au kwa reli ya kati hadi Kigoma na kisha kwa ziwa hadi bandari ya Bujumbura. Ziwani gari hupakiwa na kupakuliwa mara nyingi zaidi, na kila mara moja ni nafasi ya kuumia. Kontena lililofungwa tangu mwanzo ni salama kuliko gari lililo wazi juu ya trela.

Gari linalokwenda kwenye maonyesho Nairobi na kurudi huingia kwa kibali cha muda, na kwa nchi zinazotambua carnet de passages, hati hiyo hurahisisha kazi. Kadi ya Njano ya COMESA hutoa bima ya madhara kwa wengine, si kwa gari lenyewe. Na ieleweke kwamba gari lililoingia kwa kibali cha muda haliwezi kuuzwa huko, hata kwa mnunuzi aliyeshika fedha mkononi, mpaka forodha ya nchi hiyo imalizwe.

Fedha zinaporudi

Muuzaji wa Bujumbura anakutana na kizingiti cha mwisho nyumbani. Fedha za kigeni zinazotokana na mauzo ya nje zinatakiwa zipitie benki kwa kufuata kanuni za Benki ya Jamhuri ya Burundi. Pengo kati ya bei rasmi ya faranga na ile ya mtaani limekuwa kubwa kwa miaka kadhaa, na faida ya 1,700 katika mfano wetu inaweza kuonekana nzuri au mbaya kulingana na bei itakayotumika. Hesabu ifanywe kwa bei rasmi. Ikiwa biashara haisimami kwa bei hiyo, haisimami.

Kabla ya kuuza kwa kilo

Wanunuzi wa chuma chakavu hulipa siku hiyohiyo, na kwa magari mengi bei yao ndiyo bei halali. Lakini ukaguzi wa awali hauhitaji fedha nyingi: picha ishirini zilizo wazi, namba ya chasisi, namba ya injini, nakala ya carte rose, na ujumbe kwa kampuni mbili au tatu za mnada au kwa chama cha wamiliki wa aina hiyo ya gari. Jibu likiwa hapana, chuma bado kipo na bei ya kilo bado ipo. Gari likishakatwa kwa gesi, hakuna mnada utakaolirudisha.